Mahindi mistari minne, soya mistari sita: jinsi ya kulima kwa kanda na kamba unavyoifunga mafundo

Kila msimu nakutana na mtu amechanganya mahindi na soya, mstari mmoja huku mmoja kule, au kabisa kadondosha soya katikati ya mashina ya mahindi kama anavyofanya kwenye maharage, alafu mwezi wa tatu soya zimerefuka nyembamba zimelala chini, maganda mawili matatu kwa mche, basi anatangaza kijiji kizima kwamba soya na mahindi haviwezani. Vinawezana sana tu. Shida ni kwamba soya umeiweka gizani ukategemea izae.

Nianze na hili maana ndo linalokosewa zaidi. Watu wengi wanafikiri faida ya kupanda hivi viwili pamoja ni soya kuyalisha mahindi mbolea. Ni kweli soya inatengeneza naitrojeni yake kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye mizizi, lakini msimu huohuo mahindi ya jirani yanaambulia kidogo sana, nyingi inaishia kwenye soya yenyewe na kwenye punje unazopeleka sokoni. Kinachobaki kwenye mizizi na majani yaliyodondoka kitamfaa atakayepandwa pale mwaka unaofuata. Faida ya msimu huohuo ni mwanga. Hindi linapenda jua kali na likilipata linalitumia, sasa mstari wa pembeni wa mahindi, ule unaopakana na soya fupi, unapata jua la ubavuni ambalo mahindi ya katikati ya shamba hayalioni kabisa. Ukipita wakati wa kuvuna utaona mwenyewe, mahindi ya pembeni mashina manene na magunzi yamejaa mpaka nchani. Kwahiyo kanda, yaani mistari kadhaa ya mahindi ikifuatiwa na mistari kadhaa ya soya, ni ujanja wa kuongeza pembeni. Upande wa pili soya ya pembeni inaumia na kivuli, hilo huwezi kulikwepa, unachofanya ni kulipunguza.

Mi nalima upande wa Songea, huku tuna msimu mmoja, mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba zikiwa na adabu na zinakata mwishoni mwa Aprili au Mei. Kama uko sehemu ya vuli na masika tarehe zangu zitakupotosha ila vipimo havibadiliki.

Haya, vipimo.

Ukanda wa mahindi una mistari minne, toka mstari hadi mstari sentimita 75. Mistari minne ina nafasi tatu katikati, tatu mara 75 ni 225. Ukanda wa soya una mistari sita, toka mstari hadi mstari sentimita 45. Mistari sita ina nafasi tano, tano mara 45 ni 225. Umeona? Zimelingana. Kati ya mstari wa mwisho wa mahindi na wa kwanza wa soya unaacha 60. Ukijumlisha, kila ukanda na nafasi yake unakula mita 2.85, na jozi nzima ya mahindi na soya ni mita 5.70. Kulingana huku ndo siri ya mambo yote kwa sababu mwakani mahindi yanahamia pale pale ilipokuwa soya na soya inahamia kwenye mahindi, hupimi upya, vigingi vya mwanzo na mwisho wa kila ukanda ni vilevile. Watu wanaojipangia mistari mitatu kwa mitano au kwa kukadiria na hatua za miguu, mwaka wa pili wanajikuta ukanda haukai, wanaanza upya, na mwaka wa tatu wameacha.

Kwa nini minne na sita, si miwili na miwili au kumi na kumi? Ukipanua sana ukanda unabaki na pembeni chache, ni kama umelima mashamba mawili tofauti. Ukibana sana soya yote inakuwa pembeni, yaani yote kivulini. Wakulima wa Marekani wanaolima kwa kanda wapo wanaotumia mistari sita kwa sita ya sentimita 76 maana ndo upana wa mashine zao za kupandia, wao trekta ndo linaamua. Wachina tangu 2022 serikali yao imeusukuma sana huu mtindo ili wapunguze kuagiza soya nje, na wao mahindi wanaweka mistari miwili au minne na soya wanazidisha mistari, minne kwa miwili, sita kwa minne. Sisi wa jembe la mkono tuna uhuru, na mistari minne kibarua anaingia upande huu anatokea upande ule bila kukanyaga soya.

Kama eneo lako ni dogo sana, robo ekari hivi, kuna mtindo wa magharibi ya Kenya ambao kwa bahati nzuri ulipewa kifupisho cha Kiingereza kinachosomeka MBILI, na kweli ni mbili mbili. Badala ya mahindi kukaa kila baada ya sentimita 75, unasogeza mistari miwili ikaribiane iwe 50, alafu unaacha mita nzima, ndani ya ile mita unaweka mistari miwili ya jamii ya kunde kwa nafasi ya 33. Hesabu: 50 na 100 ni 150, na 75 mara mbili ni 150, kwahiyo mahindi yako hayapungui hata shina moja, umeyasogeza tu yakapisha. Ni mtindo mzuri kwa mtu ambaye mahindi ndo chakula cha nyumbani na hataki kuyapunguza, ila kwa soya mi naona bado kivuli ni kikubwa, kwa njugu na maharage hayo sina ugomvi.

Sasa kamba. Nunua kamba ya katani au ile ya manila, urefu wowote unaozidi upana wa shamba, na vitambaa vya rangi mbili, chakavu za fundi cherehani zinatosha. Anzia pembeni mwa shamba, acha sentimita 30, hapo funga kitambaa chekundu, huo ni mstari wa kwanza wa mahindi. Alafu 75 chekundu, 75 chekundu, 75 chekundu. Kisha 60, cheupe. Alafu 45 cheupe mara tano. Kisha 60, chekundu, unaanza tena. Mafundo yasiwe yanateleza, funga kwenye nyuzi za kamba yenyewe. Hii kazi fanya Oktoba umekaa chini ya mwembe na watoto wakikushikia kamba, usiifanye siku ya mvua ya kwanza vibarua watano wamesimama wanakuangalia na saa inahesabu. Kamba moja inawekwa kichwa cha shamba, ya pili mkiani, unapigilia vigingi kwenye kila fundo pande zote mbili, kisha kamba ya tatu isiyo na mafundo unaivuta kigingi kwa kigingi kupata mstari.

Mwaka wa kwanza nilivyokuwa napigilia, mzee jirani yangu alisimama njiani muda mrefu. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba, alafu akauliza hilo ni shamba au nimetandika shuka la Kimasai. Nikamwambia mzee ngoja mahindi yafike kiunoni. "Haya mwanangu, yakifika kiunoni niite."

Uelekeo wa kanda. Ukisoma maelekezo ya wenzetu wa mbali watakwambia lazima kaskazini kwenda kusini, na kwao ni sahihi maana jua lao limelala upande mmoja wa mbingu msimu wote. Huku kwetu Januari saa sita jua liko utosini karibu kabisa, tofauti si kubwa kiasi cha kukuumiza kichwa. Kinachoamua ni mteremko. Kama shamba lina mteremko kanda zikate mteremko, zisishuke nao, hata kama zitapinda kama nyoka, maana maji yakipata njia ya mita 2.85 ya udongo uliopaliliwa yanabeba mpaka mbolea uliyokopa. Palipo tambarare vuta unakotaka.

Hesabu ya mbegu kwa ekari, ile ya hatua 70 kwa 70 ambayo ni kama mita 64 kwa 64. Upana wa mita 64 unaingiza jozi 11 na kipande kidogo kinabaki pembeni ambacho mi naweka mboga ya maboga. Jozi 11 ni mistari 44 ya mahindi na 66 ya soya. Kwenye mahindi, mistari miwili ya katikati ya ukanda panda shimo kila sentimita 30 ubakishe mche mmoja, ila mistari ya pembeni bana iwe 25, kwa sababu hii ya pembeni ina jua la ziada na itaweza kulisha mashina zaidi. Unapata mashina kama elfu kumi na mia tatu. Shamba lililojaa mahindi tupu kwa 75 kwa 30 lina kama elfu kumi na nane, kwahiyo kwenye nusu ya eneo una zaidi ya nusu ya mahindi, asilimia 57. Ndo maana ya kubana pembeni.

Soya shimo kila sentimita 10, mbegu mbili, kina cha vidole viwili, basi. Soya ukiizika kama hindi haitoki, ule mche unatoka umebeba mbegu nzima kichwani na udongo ukiwa umeganda juu unavunjika shingo. Kwa mistari 66 andaa kilo 13 mpaka 15.

Lakini kabla ya kupeleka mbegu shambani, jaribu uotaji. Soya si kama maharage, ikikaa ghalani kwenye joto inapoteza uhai haraka, ile uliyoweka toka mwaka juzi ni ya kukaanga. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kilicholowana, weka mahali pa kivuli, nyunyizia maji kila siku, siku ya tano sita fungua uhesabu. Zikiota 85 kwenda juu panda kwa raha. Zikiota 60 ongeza mbegu ya tatu kwenye shimo. Chini ya hapo tafuta mbegu nyingine, usijidanganye.

Aina za mbegu sitaongea sana. Kwa soya Nyanda za Juu Kusini zipo za Uyole, Uyole Soya 1 na wadogo zake, na ile Bossier ya siku nyingi ambayo bado watu wanaing'ang'ania. Uliza bwana shamba au bibi shamba wako ipi inafaa mwinuko wako. Kwa mahindi ushauri wangu ni mmoja tu, usichague lile refu kuliko yote. H614 ni hindi zuri la nyanda za juu lakini ni mnara, kivuli chake kinaufika mstari wa tatu wa soya. Chukua la kimo cha kati linalowahi kidogo.

Tuje kwenye bakteria, na hapa naomba usiruke.

Soya inataka bakteria wake maalumu kwenye udongo ndo itengeneze vinundu vya mizizi, na shamba ambalo halijawahi kulimwa soya mara nyingi hawamo au ni wachache. Wanauzwa kwenye pakiti, unga mweusi mweusi kama masizi ya udongo wa bustani. Ni viumbe hai. Sio mbolea, sio dawa, ni viumbe na vinakufa na jua. Mi nilinunua mjini pakiti mbili, nikaziweka kwenye kikapu cha mbele cha pikipiki, nikapitia msibani nikakaa mpaka saa tisa, pikipiki juani. Nilipanda nao hivyohivyo. Ule msimu soya yangu ilikuwa ya njano mwanzo mpaka mwisho, nikang'oa mizizi mieupe mitupu kama uzi, ndo nikajua nilizika maiti.

Fanya hivi: mbegu ziwe kwenye beseni kivulini, chukua maji kidogo ya uvuguvugu uweke sukari ikolee, nyunyizia mbegu zilowane tu zisielee, mwaga ule unga kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, geuza taratibu kwa mikono mpaka kila punje iwe na vumbi jeusi. Usizisugue, ganda la soya ni laini linachubuka. Zipande siku hiyohiyo, kwenye udongo wenye unyevu, na beseni lifunike na gunia bichi likiwa shambani. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu usiichanganye na bakteria, dawa itawaua, na mbolea isigusane na mbegu.

Wiki ya tano au ya sita nenda na jembe, chimbua miche mitano sehemu tofauti, usiing'oe kwa kuvuta maana vinundu vinabaki chini alafu utasema hamna. Suuza mizizi kwenye ndoo. Utaona viduara kama punje za mtama vimeshikilia mzizi mkuu. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au waridi kama ufizi wa mtoto, mambo yako safi, kinafanya kazi. Cheupe bado ni kichanga, subiri. Cha kijani au kahawia kimechoka. Kama hakuna kabisa na majani ni ya njano, hapo sasa unaruhusiwa kuiwekea soya mbolea ya naitrojeni kidogo, ila ni kuokoa tu msimu.

Kama vinundu vipo, usithubutu kuiwekea soya urea. Ikipata cha bure inalala, haitengenezi tena. Soya inachotaka ni fosforasi, mbolea ya TSP kilo 15 hivi kwa kanda zote za soya za ekari hii, au mbolea ya Minjingu, unamwaga kwenye mfereji, unafukia na udongo kidogo ndo unaweka mbegu. Na udongo wenye tindikali kali ni adui wake, kama eneo lako linaota sana ferni, ile mimea ya majani kama manyoya, na hindi lenyewe linasuasua basi kapime udongo kwanza, huenda hela ya kwanza inatakiwa iende kwenye chokaa ya kilimo.

Mahindi yenyewe yalishe kama kawaida yake, ila mbolea ni pungufu. Aliyezoea mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia, kwa ekari, hapa anatumia kilo 28 mpaka 30, nusu kizibo cha soda kwa shimo, na kukuzia vivyo hivyo kwa urea mahindi yakiwa magotini na udongo una unyevu. Kibarua wa kukuzia mwoneshe kwa kidole mpaka, hii mistari minne tu, ukimwacha ataitendea mema na soya.

Lini? Mahindi yanatangulia na mvua za uhakika, kwangu ni wiki ya mwisho ya Novemba au ya kwanza ya Desemba. Soya inafuata siku 10 mpaka 14 baadaye, isizidi. Kuna sababu ya kuichelewesha kidogo, soya nyingi inakomaa siku 100 mpaka 120 na hutaki ikomae mvua ikiwa bado inapiga kwa nguvu, zinachipua ndani ya maganda zikiwa shambani. Lakini ukichelewesha mwezi mzima, kama nilivyofanya mwaka wa pili kwa sababu ya kuuguliwa, mahindi yanakuwa yameshapita kifua, soya inachungulia juani kama mtoto nyuma ya ukuta wa mpira, inarefuka, inalala. Mwaka ule mistari miwili ya pembeni kila upande wa ukanda nilivuna majani.

Magugu ndo mahali pengine watu wanapopoteza kila kitu kwa asubuhi moja. Dawa nyingi za magugu ya mahindi zina atrazini, na atrazini inaua soya. 2,4-D inaua soya. Nikosalfuroni inaua soya. Na kwenye kanda nyembamba upepo ukivuka mita moja tu umeshafika. Kuna kijana alikuja kunisaidia, mchapakazi kweli, bomba mgongoni, nikamwambia pulizia mahindi tu, na kweli alipulizia mahindi tu, ila alianza saa nne upepo umeshaamka. Siku ya tatu kingo za kanda zote za soya zilikuwa zimeungua kama zimepitishiwa pasi. Kosa halikuwa lake, mi ndo nilimpa dawa isiyofaa.

Kama lazima utumie dawa, tafuta inayotumika kabla ya kuota na inayokubalika kwenye mazao yote mawili, kama yenye s-metolaklori, na lebo lazima itaje mahindi na itaje soya, ikitaja moja tu iache dukani. Kwa ekari moja mi narudi kwenye jembe. Palizi ya kwanza soya ikiwa na wiki mbili mpaka tatu, ya pili kabla haijatoa maua. Ikishaanza maua usiingie tena na jembe, maua yanapukutika kwa kuguswa tu, na kwa bahati wakati huo majani yameshafunika katikati ya mistari magugu hayana pa kuchomoza. Nafasi ya 60 kati ya mahindi na soya ndo inayosumbua, haifunikwi na yeyote, ile ipitie mara ya tatu.

Wenye shida ya kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, hili litawafurahisha: mizizi ya soya inaamsha mbegu za kiduha ziote, zikishaota hazipati hindi la kunyonya kwenye ule ukanda, zinakufa. Mwakani mahindi yakihamia pale kiduha kimepungua. Hakiishi kwa mwaka mmoja, mbegu zake zinakaa miaka mingi ardhini, ila kwa kubadilishana kanda unakuwa unakifyeka toka chini.

Viwavijeshi vamizi, ambao wametuvamia Tanzania toka 2017, wanakula mahindi hata kama kuna soya kila upande, msidanganyane. Ukaguzi ndo unakuwa rahisi. Unatembea kwenye ile nafasi ya 60 mara mbili kwa wiki asubuhi, unachungulia ndani ya moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapojikunja, kwenye mistari miwili iliyo karibu, ukiona vumbi kama unga wa mbao uliolowa na matundu yamepangana kwenye jani jipya, yumo. Mche mmoja mmoja mwagia mchanga mkavu au majivu kwenye ule moyo, wakizidi ndo bomba, na dawa za wadudu pia zisome kama zinaruhusiwa karibu na soya unayotaka kula. Soya nayo ina kutu yake, vidoa vya kahawia chini ya jani kuanzia majani ya chini, na ukanda wenye hewa unasaidia kidogo ila dawa kubwa ni kuchagua aina inayovumilia.

Wanyama. Sungura wanaipenda soya changa kuliko kitu chochote ulichowahi kupanda, watakata mstari mzima sawa na panga. Kanga na njiwa wanachomoa mche unapochungulia. Siku kumi za kwanza mtu alale huko au mbwa, hakuna njia ya mkato. Ngedere wao wanasubiri mahindi.

Mahindi yalipofika kiunoni nilimwita mzee kama nilivyoahidi. Akapita kimya ukanda wa kwanza, wa pili, akashika shina la pembeni, akashika la katikati, akaniuliza nimeweka mbolea tofauti? Nikamwambia mzee mbolea ni moja, jua ndo mbili. Akasema "mmh". Oktoba iliyofuata alimtuma mjukuu wake aje kuazima ile kamba yenye vitambaa.

Kuvuna. Soya inatangulia, Aprili mwanzoni mpaka katikati kwangu, majani yamedondoka, maganda ya kahawia, ukitikisa mche unasikia zinacheza ndani. Usisubiri zote zikauke kabisa maana ya kwanza yatapasuka yakutawanyie chini. Vuna asubuhi umande haujakauka, kata shina kwa panga au mundu using'oe, mizizi na vinundu vyake ibaki ardhini, hiyo ndo mbolea uliyokuwa unasikia habari zake. Anika kwenye turubai, piga kwa fimbo polepole, peta. Mahindi yanabaki yamesimama mpaka Juni yanakauka kwa nafasi, na sasa una barabara pana ya kupitisha mkokoteni. Kujua kama punje zimekauka vya kutosha kuhifadhi, chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kidogo na punje, tikisa dakika moja mbili uache zitulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa bado ni mbichi, rudisha turubai. Soya ya kula nyumbani hailiwi wala haisagwi mbichi, kaanga au chemsha kwanza, tumbo litakushukuru.

Sasa utajuaje kama imekulipa? Usiangalie gunia za mahindi peke yake ukasema zimepungua, lazima zipungue, umempa soya nusu ya ardhi. Tenga vipande viwili vya mita 10 kwa 10, kimoja mahindi matupu kimoja soya tupu, matunzo yaleyale, uvune upime upige hesabu ya ekari. Tuseme mahindi matupu yangekupa gunia 20 na soya tupu gunia 6. Kwenye kanda umepata mahindi 14 na soya 2 na nusu. 14 kwa 20 ni 0.70, mbili na nusu kwa 6 ni 0.42, jumla 1.12. Maana yake ekari yako moja imefanya kazi ya ekari moja na kama asilimia 12 ya ekari nyingine. Ila kama soya ingekupa gunia moja na nusu, 0.70 na 0.25 ni 0.95, umepata hasara, ungepanda nusu kwa nusu mbalimbali ungekuwa na zaidi. Ikiwa hivyo kaangalie kivuli, tarehe au bakteria, mara nyingi ni kimoja kati ya hivyo vitatu. Na bei zina lake pia, mwaka ambao mahindi yanashuka na soya inapanda hata 0.95 inaweza kukulipia ada, hivyo angalia na upande wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wanasema nini kabla hujauza kwa wale wa mlangoni.

Ukimaliza kuvuna usichome mabua na usiruhusu watu wang'oe vigingi wakapikie. Mi sasa vigingi vya kona na vya mwanzo wa kila ukanda natumia mti unaoota, nachomeka matawi ya mlonge, yanachipua yenyewe, ng'ombe wakipita wanakula majani shina linabaki. Alafu andika kwenye daftari au ubavuni mwa mlango wa ghala, ukanda wa kwanza toka njiani mwaka huu ulikuwa mahindi. Mwaka wa tatu nilibisha na mke wangu karibu siku mbili ukanda upi ulikuwa soya, yeye ndo alikuwa sahihi, na tulijua baada ya kuchimbua tukakuta mizizi ya zamani ina mabaki ya vinundu.